Mkonga Umefika Mpaka Nyumba ya Mwisho

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wetu wa mtaa, viongozi mliofuatana nao, mafundi mliotuchimbia mtaro na kuufukia, wageni waalikwa, majirani zangu wa mbele na wa nyuma, na wewe mwanangu uliye kwenye kioo cha simu hapo mezani pamoja na mjukuu wangu anayetafuna kitu mbele za watu: habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponiambia nizungumze leo, nilimwuliza, kwa nini mimi? Shule yangu ni ndogo, na mambo ya mtandao siyajui. Akanijibu, "Mama Tembo, nyumba yako ndiyo ya mwisho. Ukiongea wewe, hakuna atakayesema hajafikiwa." Nikaona ana hoja.

Wageni wetu mtajiuliza, huyu mama mwembamba hivi, huo utembo kautoa wapi? Ngojeni niwaeleze, maana wenyeji nawaona wameshaanza kucheka.

Jina hili ni la marehemu mume wangu. Alikuwa mwashi. Nusu ya kuta mnazoziona hapa zimepita mikononi mwake. Siku moja, miaka mingi iliyopita, alikwenda kwenye mkutano wa mtaa, akarudi ananawa miguu huku akiniambia, "Mke wangu, tunaletewa mkonga."

"Mkonga wa nini?"

"Wa mawasiliano. Unapita chini ya ardhi, unaingia mpaka nyumbani."

Jirani yetu mwalimu, aliyekuwa amepita kuchota maji, akamsahihisha kwa upole. "Ni mkongo, jirani. Mkongo, siyo mkonga."

Mzee wangu akamtazama. "Mkongo ndio mdudu gani? Mimi mkonga naujua, tembo anavutia maji. Basi huu utavuta mtandao. Tatizo liko wapi?"

Mwalimu aliondoka na ndoo yake, akaenda kusimulia. Kufikia jioni mume wangu alikuwa Baba Tembo, na mimi, bila kuulizwa, nikawa Mama Tembo. Kuanzia hapo, mtu akitaka kujua waya umefika wapi, haulizi habari za kampuni. Anauliza, "Jamani, tembo yuko wapi?" Anajibiwa, "Bado yuko barabara kuu, anakula majani."

Na kweli alikula majani sana. Tuliambiwa tuko awamu ya kwanza, halafu ya pili, halafu ikaja awamu ya pili B. Mume wangu akasema hii awamu ya pili ina uzazi kuliko panya. Je, ni nani hapa hakuwahi kupanda juu ya stuli kushika simu dirishani? Nani hakuwahi kusema "haloo, haloo, unanipata?" mpaka koo likakauka, na kumbe mwenzake alishakatika zamani?

Kwetu mtandao ulikuwa unakaa mahali pamoja tu, kwenye dirisha la jikoni, simu ikiwa imeegemea kopo la sukari. Hapo ndipo mzee wangu alipokuwa akimwona mjukuu wake, na mara nyingi alimwona ameganda, mdomo wazi, kijiko hewani. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Baba, imeshakatika." Yeye anaendelea kumsimulia habari za paka wa jirani. Anasema, "Picha imeganda, masikio hayajaganda." Na sote wawili tukajifunza kukaa bila kutikisika, kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti, tukiamini kwamba tukitulia, na mtandao utatulia.

Hakuuona mkonga. Alitangulia kabla awamu ya pili B haijamaliza kuzaa. Kofia yake ya kazini iko kwenye msumari pale jikoni, na vumbi la saruji sijalikung'uta.

Baada ya hapo nikabaki na dirisha langu. Mwanangu, kama mnavyojua, ni muuguzi, anafanya kazi mbali sana. Siku moja mtandao ulipotea dirishani kwangu tangu asubuhi. Mimi sijui hili wala lile, nachambua maharage yangu barazani. Ghafla naona jirani yangu fundi cherehani anakuja mbio, futi shingoni, kiatu kimoja.

"Mama Tembo! Uko hai?"

"Nipo, kwani vipi?"

"Basi njoo kwangu umpigie mwanao umwambie, maana kanililia kwenye simu mpaka nimemkatia mteja mkono mmoja mfupi!"

Tulicheka. Lakini jioni, mtandao uliporudi, mwanangu hakucheka. Aliniambia, "Mama, mimi siwezi kuishi hivi. Nikiwa kazini nawahudumia wazazi wa watu, na wangu sijui kama ameanguka au amelala. Huo mkonga wenu usipofika mpaka mwisho wa mwaka, nakuja kukuchukua. Nyumba tutaipangisha."

Alikuwa na haki. Lakini nyumba ile kila tofali lake nalijua. Najua lililowekwa siku mwanangu alipoota jino, na najua lililokaa upande kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumegombana. Ningeipangisha vipi?

Ndugu zangu, mwaka huu mafundi walipoanza kuchimba kule juu, sikupata usingizi mzuri. Kila asubuhi nilikuja kuwatazama. Mtaro ukapita kwa mwalimu, ukapita dukani, ukafika kwenye kona ya fundi cherehani. Hapo ukasimama. Msimamizi wa mafundi, huyu binti mwenye kofia ya njano, akanifuata mwenyewe. Sitasahau alivyoniita pembeni kwa heshima.

"Mama, samahani. Sisi tunaishia hapa. Kuanzia hapa mpaka kwako chini ni zege, na hatujapewa kibali cha kulivunja. Mtaingia awamu ijayo."

"Awamu ya ngapi, mwanangu?"

"Kwa kweli, mama, sijui."

Mheshimiwa Diwani, tunakushukuru kwa kuja, na tunajua una kazi nyingi. Kibali hicho tuliambiwa kiko mezani kwako. Kama bado kipo, sasa unaweza kukitumia kufungia chochote, hatukihitaji tena. Naona unacheka, Mungu akubariki, wewe ni mtu wa watu.

Nilirudi nyumbani nikakaa barazani. Macho yangu yalikuwa kwenye chungu cha mshubiri kilicho nje ya geti. Chungu hicho mume wangu alikiweka mwenyewe, na kila nilipotaka kukihamishia kivulini alinikataza: "Kiache hapo, kimeziba mlango wa tembo." Mimi niliona ni utani wake. Lakini siku ile nikakumbuka jambo zima.

Mnakumbuka matope yaliyokuwa kwenye uchochoro wetu? Tulipokubaliana kuumwagia zege, mwashi alikuwa yeye. Kabla ya kumwaga, alileta bomba pana, lile la maji ya choo, akalilaza chini kutoka kona ya fundi cherehani mpaka getini kwetu, na mbele ya kila geti akaacha tundu. Dereva jirani yetu akamwuliza, "Baba Tembo, choo kinahamia barabarani?" Akajibu, "Hii ni njia ya mkonga." "Sasa mbona kubwa hivi?" "Wewe umeshaona mkonga mwembamba?"

Alikuwa amekosea, masikini. Alidhani kitu chenye jina hilo lazima kiwe kinene. Matundu akayafunika kwa vifuniko vya ndoo za rangi, udongo ukaja juu, watu wakasahau.

Nikamwita yule binti. Tukasogeza chungu, tukafukua, tukafungua kifuniko. Akachungulia.

"Mama, hili si bomba la choo?"

"Ni la mkonga."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha waya wenyewe. Jamani, mwembamba kama kamba ya kiatu! Tembo wetu wa miaka yote, kamba ya kiatu. Akasema, "Humu zinapita nyumba zote za uchochoro huu, na nafasi inabaki. Tabu ni kuupitisha tu, maana..." Hakumaliza. Aliona kitu kimefungwa kwenye msumari ndani ya mdomo wa bomba. Ulikuwa uzi wa nailoni, rangi ya chungwa, ule wa kupimia ukuta. Mume wangu alikuwa ameuacha ndani ya bomba, toka mwanzo mpaka mwisho, ili anayekuja apate cha kuvutia.

Binti akauliza, "Nani kaweka huu uzi? Yuko wapi nimpe mkono?"

Nikamwambia, "Ametangulia."

Akavua kofia yake ya njano. Kisha akaenda kwenye kona, akafukua mdomo wa pili wa bomba, akafunga waya kwenye ncha ya uzi, akapiga kelele, "Vuta, mama! Taratibu!" Nikavuta. Ulitoka udongo, akatoka mende mmoja aliyekasirika, halafu nikaona waya unachungulia. Majirani, nyote mlikuwapo. Nyote mlipiga kelele, "Tembo! Tembo!" Mwalimu naye, nilimsikia kwa masikio yangu, alisema "mkonga umefika." Miaka yote hiyo anasahihisha, siku ile akashindwa.

Jioni yake nilikaa jikoni mbele ya kopo la sukari. Mjukuu wangu akatokea, anasogea, meno ya mbele hana. Mimi nimekaa kimya, sitikisiki, kwa mazoea.

"Bibi, umeganda?"

"Hapana, mjukuu wangu. Nakutazama."

Mwanangu akasogea karibu, akaangalia nyuma yangu. "Mama, ile kofia ya baba bado iko kwenye msumari?"

"Ipo."

Uso wake ukatoka kwenye picha. Nikaogopa kwamba tumekatika, lakini alikuwa anafuta macho. Akasema, "Basi na wewe kaa hapo hapo."

Ndugu zangu, nimelala vizuri tangu siku hiyo.

Nina ombi moja, kisha nikae. Mwenyekiti ameandaa utepe mzuri na mkasi. Nimemwomba tuuweke pembeni, na badala yake nimefunga uzi huu wa rangi ya chungwa hapa kwenye nguzo. Lakini tusiukate. Mume wangu alikuwa mpole, ila kijana wake wa kazi akikata uzi alimfokea: "Kesho utapimia ukuta kwa mkanda wa suruali?" Kwa hiyo, Mheshimiwa, nitakuomba uje tuushike pamoja, mimi huku na wewe huku, tufungue fundo. Nitaukunja, niutundike kwenye msumari pamoja na kofia.

Mafundi, asanteni. Binti wa kofia ya njano, karibu chai wakati wowote. Na ninyi nyote, nawashukuru kwa kunisikiliza toka mwanzo mpaka mwisho, bila kukatika.