Bi Kioo Anatuachia Kuta Tupu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kutuendesha mchakamchaka, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha utafiti wa ngozi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita Sista. Sisi tunamwita Bi Kioo, kwa kuwa ndiye aliyeviondoa vioo vyote katika jengo hili, hata kile cha choo cha madaktari.

Alitoka wodini kuja kwetu tulipoanza kufanyia majaribio dawa za chunusi za kupaka, zile za jamii ya retinoidi. Dawa hizi zina vituko vyake: wiki za mwanzo ngozi hukauka na kubanduka, na chunusi zinaweza kuzidi kabla ya kupungua. Basi washiriki walikuwa wakifika wiki ya tatu, wanajiona kwenye kioo cha mapokezi, wanageuza, na hatuwaoni tena. Utafiti ulikaribia kufa. Asubuhi moja Bi Kioo akaja na bisibisi, na ruhusa hakuomba kwa mtu.

Tangu hapo tumekoma. Daktari mkuu aliwahi kuwahutubia wafadhili akiwa na povu la kunyolea sikioni. Mimi, mfamasia, nimefunga tai kwa kubahatisha mpaka mke wangu akauliza kama kazini huwa tunapigana. Na huwezi kumkabidhi mgonjwa tyubu bila Bi Kioo kukukumbusha, kama mtoto wa chekechea, kwamba dawa ya ukubwa wa njegere moja inatosha uso mzima! Jambo hilo nilimfundisha mimi.

Kuna binti wa sekondari aliyeletwa na shangazi yake. Alikuwa ameacha kwenda darasani kwa aibu ya uso wake, na mitihani ilikuwa mlangoni. Wiki ya tatu akatangaza kwamba anajitoa. Bi Kioo alikubali kuwa hiyo ni haki yake, kisha akaketi naye kwenye benchi la korido, akamwonyesha makovu ya mashavu yake mwenyewe na kumweleza kwamba enzi za usichana wake alipewa dawa kama hiyo, akaitupa wiki hiyohiyo ya tatu. Binti akabaki. Kila asubuhi Bi Kioo alimpigia kumjulia hali, nasi tukipanga foleni kusubiri simu ya ofisi.

Wiki ya kumi na mbili Bi Kioo akafungua mkoba wake, akatoa kioo kidogo, akampa. Binti alijitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia shangazi yake na kumuuliza sare yake ya shule iko wapi.

Kumbe miaka yote hiyo kioo kilikuwa mkobani, na sisi tunanyoa ndevu kwa kupapasa!

Jana amenikabidhi kioo hicho. Fundi ameshauliza vile vya ukutani virudishwe lini. Nimemwambia asithubutu, kwani majaribio mapya yanaanza mwezi ujao.

Bi Kioo, umetuchosha, na tunakushukuru mno. Nenda ukajitazame kwa nafasi, na ukiyaona hayo makovu, ukumbuke ndiyo yaliyomrudisha mtoto mmoja darasani. Tunakuombea afya, raha na siku nyingi.