Zebedayo Swila na Injini ya Jilala

Mchungaji, wazee wetu wa Isongole na wa hapa Chapwa, Tunduma, majirani, nanyi mafundi mlioacha spana zenu mkaja kutuzikia, familia imemkabidhi Leah Swila, mwalimu mstaafu na dada mkubwa wa marehemu, karatasi hii aisome kwa sauti, na kwa kuwa Leah hajawahi kupamba neno hata kwenye ripoti za wanafunzi, anaomba asilaumiwe kwa mtakayoyasikia, maana yote yameandikwa kwa idhini ya mjane na watoto.

Zebedayo Sadoki Swila alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Isongole, kwenye milima ya Ileje, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu mzee Sadoki Swila na marehemu mama Gwantwa Kibona. Alichelewa kusema hata watu wakadhani ni bubu, kumbe mwenzetu alikuwa anasikiliza, na kabla hajajua kuyataja vizuri majina ya ndugu zake alikuwa tayari anaiga mngurumo wa kila lori lililopanda kwetu, na mama alikuwa akitoka nje kupokea wageni ambao hawapo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Isongole kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, hesabu akizipenda na vipindi vya dini akivisinzia, na mwezi Julai 1978 alikwenda Mbeya, Mwanjelwa, kujifunza ufundi kwa mzee Eliudi, ambaye mafundi wa rika la marehemu wanamkumbuka. Kwa mzee Eliudi alikaa miaka minane, akajifunza kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni ili asikie ugonjwa ulipo, akajifunza pia desturi moja ambayo vijana wa leo wanaicheka. Gari ambalo mwenyewe amefia ndani injini ikiwa inawaka huhesabiwa kuwa bado halijazimwa, hata kama limenyamaza miezi, hivyo injini yake haishushwi mpaka mtu wa nyumba ya aliyekufa aje, aiwashe, aisikilize kidogo, kisha aizime kwa mkono wake mwenyewe, ndipo fundi ashike spana.

Tarehe 2 Septemba 1986, biashara ya mpakani ilipoanza kufunguka, marehemu alihamia Tunduma na kufungua gereji yake, na kazi iliyompa jina ilikuwa kuzipa nguvu gari ndogo zilizozeeka. Alichukua Starlet nyepesi ambayo watu wanne wanaiinua nyuma, iliyotoka kiwandani na injini ya CC elfu moja, akaipandishia ya Carina ya CC elfu moja na mia sita, akachonga maunti mpya za kushikilia injini kwa chuma cha chasisi ya lori, akakata propela shafti na kuiunga upya, akabadilisha rejeta, springi na breki za mbele, maana alisema gari likiongezwa mbio bila kuongezwa breki ni jeneza lenye taa. Watu walitoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, Mbeya hadi Sumbawanga kumtafuta, na gari zake zilipopanda mlima zikiyapita mabasi, konda walichungulia dirishani wasiamini.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa takatifu na Tupokigwe Mtafya katika kanisa la Moravian, Isongole, bwana harusi akiwa na grisi chini ya kucha, picha zipo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lucky aliyezaliwa 1991, Nesta aliyezaliwa 1994, na Happy aliyezaliwa 1998. Alikuwa baba mpole, hakupiga mtoto, na hakuwahi kumdanganya mteja kuhusu kifaa. Uongo wake mkubwa tunaoujua ni mmoja, na huo ndio uliofanya historia hii iwe ndefu kuliko ratiba inavyoruhusu.

Mwezi Desemba 1996 mfugaji mmoja wa Ivuna, Jilala, alipinduka na Carina yake kwenye kona karibu na kijiji cha Ruanda, huku huku kwetu, akafia kwenye usukani, na waliofika kwanza walisema injini iliendelea kunguruma magurudumu yakiwa juu hadi mafuta yalipomwagika yote. Gari lilivutwa hadi Tunduma, likauzwa kama skrepa, na tarehe 3 Februari 1997 mfanyabiashara wa Nakonde akamwambia marehemu kwa heshima ya kwao, ba Zebedayo, hiyo injini naitaka kwenye Starlet yangu ndani ya wiki hii. Marehemu alijua kabisa gari ni la nani na limekufaje, lakini mvua ilikuwa imefunga njia ya Ivuna, mteja hakutaka kusubiri, naye akafanya jambo ambalo alikuwa akiwafukuzia mafundi wengine, akaiwasha mwenyewe, akaizima mwenyewe, akaishusha.

Ilipokaa kwenye Starlet, ufunguo ulitolewa nayo ikaendelea kuzunguka. Injini ya kabureta kuzunguka kidogo baada ya ufunguo kutolewa si ajabu, fundi yeyote hapa atawaambia ni masizi kwenye silinda au taiming mbaya, na marehemu alisafisha masizi, akarekebisha taiming, akabadilisha plagi, injini ikaendelea. Akachomoa waya zote nne za plagi, ikaendelea. Alipoziba njia ya mafuta ilizunguka dakika saba nyingine mchana kweupe, mafundi wote wakitazama, na mzee Sunday, fundi wa bodi, yupo hapa na ni shahidi. Njia pekee ilikuwa kuweka gia ya nne, kukanyaga breki na kuachia klachi, hapo ilijitikisa na kunyamaza kama mtu aliyekatizwa maneno. Mteja aliirudisha wiki iliyofuata, akakataa hata kuikaribia tena, na marehemu akampa gari lingine, hii akabaki nayo, kwa kuwa hakuweza kumwuzia mtu kitu alichokuwa anakiogopa.

Jumamosi tarehe 22 Mei 1999 marehemu alisimama na Starlet hiyo sokoni Vwawa, injini ikinguruma, mama mmoja aliyekuwa ameleta chumvi kutoka Ivuna akatua gunia lake, akaja moja kwa moja, akaweka kiganja kwenye boneti. Alikuwa mama Paskalina, mjane wa Jilala. Alisema gari halijui, rangi haijui, lakini huyo anayenguruma humo ndani ni mume wake, na akauliza kwa upole ni nani wa nyumbani kwao aliyekuja kuizima. Marehemu akamjibu kwamba alikuja shemeji wa mama huyo. Mama akashukuru, akabeba chumvi yake, akaondoka.

Tangu siku hiyo kaka yetu hakulala vizuri, na sisi tulidhani ni presha. Mwezi Agosti 2004 alifunga safari ya kwenda Ivuna kusema ukweli, akafika Kamsamba akarudi, akatuambia barabara imejaa tope, wakati huo ni kiangazi na vumbi lilikuwa limemfikia kwenye nyusi. Tulicheka. Leo tunaona aibu kwamba tulicheka.

Mwezi Machi 2013 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapimwa Vwawa na baadaye Mbeya, ikaonekana ni moyo uliotanuka, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka huu hali ilizidi, na akiwa amelazwa Vwawa alikuwa akiwasihi wauguzi, saa nne asubuhi, jua linawaka, watoke nje wakamwombe mwenye gari alizime, nao walitoka kweli, wakakuta uwanja mtupu. Tarehe 15 Agosti alimwita mke wake na dada yake Leah, akayasema haya yote mliyoyasikia, akaomba mama Paskalina atafutwe. Jumanne tarehe 18 Agosti 2015, saa nane na dakika kumi mchana, akafariki dunia.

Saa hiyo hiyo jirani yetu Aida, akianika nguo hapa Chapwa, alisikia Starlet ikiwaka nyuma ya nyumba. Gari hilo halina betri tangu Aprili, Lucky aliichukua, na tangi ni kavu. Gia na klachi tumejaribu, safari hii hazisaidii. Wageni wengi mmekuwa mkiuliza kwa nini familia haizimi jenereta watu wasikie mahubiri. Ndugu zangu, hatuna jenereta. Boneti ya gari hilo ukiigusa ni ya baridi, na hii ni siku ya tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Vwawa na Mbeya, majirani wa Chapwa kwa kuni, maji na unga, waumini wenzake, na mafundi wa Tunduma waliochonga jeneza hili la chuma na mbao wakabishana vipimo kana kwamba mwenyewe angekuja kukagua.

Mwisho, tunamshukuru mama Paskalina, aliyefika leo asubuhi na ameketi pale karibu na Tupokigwe. Ametuambia kwamba alijua tangu siku ile sokoni, kwa sababu shemeji yake alikuwa amevunjika mguu na masika yote yale ya mwaka 1997 alikuwa amelala nyumbani kwake Ivuna, na kwa miaka kumi na sita alisubiri aje mtu aseme. Hakutuahidi kuizima. Alitaka kwanza yasomwe mbele ya watu, nayo yamesomwa. Mama yetu, ufunguo upo mahali pake garini, na hakuna atakayekushika mkono wala kukuhimiza. Ukiona vema kuizima, tutamwambia ndugu yetu apumzike kwa amani. Usipoona vema, tutamzika hivyo hivyo, bila kumwambia maneno hayo, kwa kuwa hayatakuwa ya kweli.