Halkano Tadicha, Fundi wa Masanduku ya Mto

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Kituo cha Vipimo vya Maji, Isiolo, pamoja na mlinzi wa lango na mbuzi wake, kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 29 Desemba 1989, saa kumi na moja jioni, birika la chai la karakana halitakuwa na mwenyewe. Kamati ya watu wawili imeundwa kulishughulikia jambo hilo. Mjumbe mmoja ni mimi, nami sinywi chai isiyo na maziwa ya ngamia, kwa hiyo msingoje ripoti.

Mwenye birika ni Bwana Halkano Tadicha, fundi wa vipimo, anayestaafu siku hiyo baada ya utumishi wa miaka ishirini kasoro siku chache. Siku hizo chache ofisi ya utumishi imezitaja moja moja katika barua yake, wasije wakadhani watu wa kwao Merti kwamba amezidishiwa. Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa jarida la kituo kwa sababu mbili. Kwanza, nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko mkewe. Pili, nina mwandiko mzuri. Mwandiko ndio urithi wangu wote kutoka kwa babu, aliyeletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza na kuachwa hapa na medali mbili na kalamu moja. Medali ziliuzwa.

Halkano alizaliwa Merti, karibu na mto, katika mwaka ambao wazee wanaukumbuka kwa ugonjwa wa ng'ombe na serikali inaukumbuka kama 1934. Alichunga, kisha akaja mjini akajifunza redio kwa fundi mmoja wa Kihindi ambaye hakuwahi kumsifu hata mara moja. Mwaka 1970 kituo kikamwajiri kusoma vipimo vya mto. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Nguzo zenye rangi zilisimikwa majini, mtu anafika, anaangalia maji yamefika wapi, anaandika, anarudi. Habari ya mto ilitufikia ikiwa na umri wa siku nne. Mto wenyewe ulikuwa umeshafika kwenye kinamasi cha Lorian na kulala.

Mwaka 1978 yakaja masanduku. Yalikuwa matano: matatu ya kimo cha mto, moja la mvua, na moja la kisima cha Kinna. Ndani yake mna betri, juu yake kioo kinachokula jua, na chini boya linalopanda na kushuka na maji. Mara tatu kwa siku, saa tatu, saa sita na saa tisa, sanduku huamka, hutamka namba moja kwa sekunde moja, kisha hulala tena. Nguvu yake yote haikutosha kuwasha balbu ya tochi. Lakini sauti hiyo ndogo ilivuka kilomita arobaini hadi kituo cha kati juu ya kilima, ikadakwa, ikarushwa tena, na ikaandikwa Isiolo juu ya utepe wa karatasi pembeni ya meza yangu. Mgeni kutoka Nairobi alimuuliza Halkano inawezekanaje. Akamjibu: "Si wewe unapiga kelele mchana mzima ndiyo unachoka? Hii inaongea kidogo, inalala."

Maneno hayo alikuwa akinitazama mimi.

Yeye ndiye aliyechagua mahali pa kila sanduku, akabeba betri mgongoni, akaipa kila nguzo boma la miiba. Suruali zake zote zilitobolewa na asidi, hata mkewe, Nimo, akawa anasema ameolewa na chujio. Masanduku aliyaamkia kwa salaam aleikum. Alidai Namba Nne hujibu. Kule Merti mzee mmoja alizunguka kisanduku mara tatu akamuuliza, "Hii kitu itahesabu ng'ombe yetu ipelekee serikali?" Halkano akamwambia, "Mzee wangu, hii haijui ng'ombe. Inajua maji tu, na hata maji yenyewe haijui ni tamu ama ni chungu." Mzee aliridhika, akamwaga maziwa kidogo juu ya kifuniko kwa baraka. Ilichukua siku mbili kuyasafisha.

Na yalifanya kazi. Kule Kinna wakulima waligawana zamu za maji kwa kufuata namba ya kisima, wakaacha kugawana kwa fimbo. Merti tuliwapa habari ya mto kwa redio ya mawasiliano siku nzima kabla maji hayajafika, wakahamisha ndama na kung'oa mashine za kuvutia maji. Ado, dada mkubwa wa Halkano, alikuwa na shamba la mahindi kwenye ukingo. Alisema mbele ya watu kwamba ndugu yake ameufunga mto kengele. Sijawahi kuona mtu mzima akificha uso kwa furaha kama Halkano siku ile.

Masanduku yaliondolewa kazini mwaka 1985. Tangu hapo Halkano amekuwa akitengeneza pampu za visima, kimya kimya, kwa daraja lile lile la fundi wa pili alilokuwa nalo mwaka 1979. Wageni kazini huuliza kwa nini mtu wa ujuzi huo hakupanda. Jibu liko katika faili lake: mwaka 1982 mto ulifurika Merti bila onyo, na kamati ya uchunguzi ikasema fundi hakukitunza Kipimo Namba Mbili, moja la masanduku yale ya mto. Katika mafuriko hayo alikufa Bonaya, mume wa Ado. Ado alimwambia ndugu yake kaburini, "Sanduku yako ililala, Halkano." Hajamfungulia mlango tangu siku hiyo. Sasa Halkano anarudi kuishi Merti, nyumba ya tatu kutoka kwa dada yake.

Wenzake tumemchangia blanketi na chupa ya chai. Alipoulizwa kama kuna kingine, aliomba Sanduku Namba Mbili, ambalo liko stoo chini ya magunia. Ameshalifungua mara tisa, na kila mara amelikuta zima. Anataka kulitafutia kasoro yake huko nyumbani, kwa nafasi. "Haiwezi kukosa, Abdi," aliniambia wiki iliyopita. "Kitu kinyamaze bure? Kuna waya mahali."

Kwa niaba ya kituo tunamshukuru kwa kila kilomita aliyotembea, na tunamwombea Merti yenye mvua za wastani, afya, na majirani wanaopenda chai kali. Nenda salama, ndugu yetu, ukapumzike kwa heshima uliyoitolea jasho.

Kwa desturi wasifu huishia hapo, na mkuu wa kituo ameusoma mpaka hapo na kutia sahihi. Yanayofuata hajayasoma. Mashine ya kurudufu iko chumbani kwangu, na wasifu nimeuongezea ukurasa.

Agosti 1981 ngamia mmoja aliruka boma la miiba akajikuna kwenye nguzo ya Namba Mbili, mwendo wa maji wa siku moja kabla ya Merti, mpaka boya likanasa juu. Utepe ukasema mita tatu. Tuliita Merti, watu wakapanda juu na mbuzi zao, wakakaa mlimani siku nzima, mto ukapita chini yao ukiwa wa kuvuka kwa viatu. Walitucheka mpaka sokoni. Nairobi hawakucheka, waliandika barua. Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Salesio, aliniita akaniambia, "Karani, namba ikiruka zaidi ya mita moja, usiipeleke mpaka fundi aende akaangalie."

Hiyo ilikuwa amri ya haki. Mimi niliiboresha. Namba iliyoruka iliharibu fomu. Ilitaka maelezo pembeni na wino mwekundu, na fomu zangu zilikuwa zikisifiwa Nairobi kwa usafi. Nikaanza kuandika namba ya saa iliyotangulia badala yake, na utepe nikawashia jiko la chai. Mara nyingi kweli ilikuwa ngamia, au ndege, au betri. Nilizoea. Halkano sikumwambia, kwa sababu angekwenda kuangalia, na mimi ningelazimika kumngoja ndipo nijaze fomu.

Jumanne moja ya Novemba 1982 Halkano alikuwa Kinna kwenye kisima. Isiolo mvua ilikuwa imetukimbia, anga jeupe, vumbi la mtaa wa Bulla Pesa limejaa chumbani. Mvua ilikuwa imenyesha mbali juu milimani, tusikoona. Saa sita utepe uliruka. Ekaale, kijana wetu wa redio, Mturkana, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mzee Abdinur, niite Merti?"

"Uwaambie nini, warya, we kijana? Kwamba ngamia amejikuna tena?"

"Fundi alisema ikiruka tumwite Kinna."

"Tazama nje, Ekaale. Unaona wingu?"

Alitazama nje. Tulicheka wote wawili. Saa tisa utepe uliruka tena, juu zaidi, na safari hii Ekaale hakucheka. Alisema, "Ngamia hajikuni masaa tatu, mzee." Nilimwambia mimi ndiye mkubwa wa chumba. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikakunja utepe nikautia kwenye jiko la chai.

Maji yalifika Merti Jumatano adhuhuri, jua likiwaka. Bonaya aliingia zizini kufungua ndama. Aliwafungua wote.

Wiki hiyo kituo kilitakiwa kutoa mtu mmoja ahamie Lodwar. Nilipendekeza jina la Ekaale, na alikuwa ameshaondoka kabla Halkano hajarudi kutoka Merti kuzika. Kamati ilipokuja waliomba fomu. Niliwapa. Waliona namba moja imejirudia mara tatu, wakasema chombo kilikwama, na mjumbe mmoja akasifu jinsi fomu ilivyotunzwa. Mwaka uliofuata nilifanywa karani mkuu. Halkano ndiye aliyenipa mkono wa kwanza. Aliniomba radhi, mimi, kwamba chombo chake kilinitia aibu mbele ya wageni.

Mara tisa nimemwona akikifungua kile kisanduku mezani, na mara tisa nimemshikia tochi.

Sitaki kusamehewa katika jarida la kituo. Ninaandika kwa sababu mtu huyu anarudi nyumbani kutafuta waya uliokatika, na hakuna waya uliokatika. Mahamud wa lori la Merti ameondoka leo asubuhi na nakala ya ukurasa huu katika bahasha ya Ado, na nimemwomba mwalimu wa shule ya pale amsomee kwa Kiborana neno kwa neno, pamoja na jina langu. Nakala nyingine nimeipeleka Nairobi kwa wenye faili. Watakavyoamua kuhusu karani mkuu, na waamue.

Utepe niliuchoma, lakini namba sikuweza kuzichoma. Kwenye fomu, Jumanne ile, niliandika 1.20, 1.20, 1.20. Kipimo Namba Mbili kilisema hivi: saa tatu, mita 1.20, saa sita, mita 3.40, saa tisa, mita 3.95. Hizo ndizo namba zako, Halkano. Kilikuwa macho.

Abdinur Elmi,
Karani Mkuu