Jani Alilotulisha Mama Gyuho

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu Noh, walimu, wazazi, wapishi wa jiko hili, na nyie watoto mnaochungulia dirishani badala ya kuwa darasani: nawasalimu nyote.

Hotuba niliyoiandika iko mfukoni, na itabaki humo humo. Ilikuwa na maneno makali. Shoga yangu Pilsun, Mama Gyuho, anayestaafu leo upishi wa shule hii, aliniambia juzi, "Mwaka huu msinihesabu kwenye kimchi." Hivi hivi tu! Tangu tulipokuwa wasichana wa kiwanda cha nguo hapa Mokpo, kila Novemba tunatengeneza kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, pamoja, mimi, yeye na Mama Taeil; waume zetu wanabeba kabichi, watoto wanadokoa nyama, na kila nyumba inaondoka na mitungi yake ya majira ya baridi. Mtu anajitoaje katika jambo kama hilo? Nikasema moyoni, kumbe na urafiki unastaafu.

Basi sikilizeni yaliyonikuta. Leo asubuhi nimewapikia sikhye, kile kinywaji chetu kitamu cha wali, na kwa haraka zangu nikatia chumvi mahali pa sukari. Mwalimu Mkuu, nimekuona ulivyokunja uso, usijitetee! Lakini Mama Gyuho alikuwa ameshamaliza bakuli zima jikoni. Akasema, "Tamu kweli, Mama Seryeong. Leo umejitahidi."

Nilipoonja mwenyewe, nikaitema. Huyu mwanamke hana adabu kwenye chakula! Ndiye aliyeonja supu yangu mbele ya mama mkwe wangu akasema, "Shoga, hii ya kuoshea miguu." Nikamshika mkono. "Wewe, una nini?"

Akainamisha kichwa. "Ulimi wangu umekufa, shoga. Tangu ile homa ya mwaka juzi. Sisikii chumvi, sisikii pilipili. Nitawaharibia kimchi ya nyumba tatu."

Ndugu zangu! Tangu mwaka juzi! Na nyie walimu si mmekuwa mkilamba sahani? Na sisi si tumekula kimchi yake tukajisifu kwa majirani? Aliwezaje?

Mnaijua desturi: siku ya kimchi, anayechanganya viungo huviringisha jani la kabichi lenye viungo hivyo akamtia mwenzake mdomoni. Mama Gyuho alitulisha sote, hata mkwe wangu mpya, huku ametukazia macho. "Ee? Ee?" Tukadhani ni mapenzi tu. Kumbe alikuwa anaonja kwa nyuso zetu! Mama Taeil akifinya jicho kwa ukali, anaongeza peasi, tunda la kutia utamu. Mume wangu akitafuna kimya, anaongeza uduvi wa chumvi. Na nyie wapishi, si aliwalisha kijiko kila asubuhi?

Nimemwomba ruhusa kuyasema haya. Akajibu, "Sema wewe, mimi nitalia." Haya, lia.

Lakini nimekukasirikia, Pilsun. Ulidhani sisi tulipenda ulimi wako? Seryeong wangu alipozaliwa, na mama yangu yuko kaburini, nani alinipikia supu ya mwani ya mzazi akaninywesha kama kifaranga? Jumamosi utakuja kwenye kimchi. Ndimi za kuonjea tunazo nyumba tatu nzima. Mkono wa kutulisha ndio tungeukosa.

Wageni wetu, nawashukuru kwa masikio yenu, na ile sikhye msiinywe. Mama Taeil amekuja na kabichi na bakuli la viungo. Mama Gyuho, inuka, viringisha jani, uniangalie vizuri usoni. Mdomo wangu huu hapa, wazi.