Mkate wa Bi Thuwaiba Usiotiwa Yai

Bi Thuwaiba binti Khatib anastaafu leo, Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, baada ya miaka kumi na minne ya kupika katika Mkahawa wa Tui, hapa Kiponda, Unguja. Wanaosema mtaani kuwa amefukuzwa, waache. Hakufukuzwa na mtu. Anaondoka kwa miguu yake na kwa kauli yake, na nimeombwa niandike haya ya hafla ya kumuaga, mie niliyesimama naye jiko moja muda wote huo. Basi someni mjue ilivyokuwa, halafu mle mnyamaze.

Kwa mgeni asiyetujua: mkahawa wetu ni mdogo, na mkate tunauoka wenyewe. Hakiingii hapa kitu cha mnyama. Si nyama, si samaki, si yai, si maziwa, si samli, hata asali. Watalii wanaita vigani, na wanatutafuta vichochoroni mpaka wanapotea. Lakini hatukuanza kwa ajili yao. Tulianza kwa ajili ya Faiza, binti wa Nassra mwenye mkahawa. Faiza alipokuwa mdogo alipewa kipande cha mkate wa kumimina harusini, koo likamvimba, uso ukawa kama boga, akakimbizwa hospitali. Ikaonekana ni yai. Maziwa nayo mwili wake hauyataki. Mtoto wa Unguja siku ya Idi kakaa anawatazama wenzake wanakula mkate na yeye hawezi, nyinyi mnaona raha hiyo?

Wakati huo Bi Thuwaiba alikuwa akiuza mikate mlangoni kwake. Alifundishwa na mamake, kwao mtaa wa Sokomuhogo: mchele uliorowekwa ukasagwa kwa tui, hamira, sukari, hiliki, na mwisho ute wa yai uliopigwa mpaka povu likasimama. Nassra akamwendea, akamwomba alitoe yai. Bi Thuwaiba akamwambia, "Mwanangu, nikitoa yai kinabaki nini? Uji?"

Lakini alijaribu. Mikate ya mwanzo ilitoka bapa kama kandambili, na bata wa jirani waliizunguka wakaenda zao. Hakuchoka. Mwisho akaipata njia: tui zito la mkamuo wa kwanza, mchanganyiko uumuke, aupige kwa mkono, auache uumuke tena, ndipo aumimine sufuriani, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ukapanda. Siku ya Idi Faiza akala kipande, akaomba kingine, mamake kasimama mlangoni analia. Mkahawa huu ulizaliwa siku ile. Mtu asikudanganyeni kuwa ulizaliwa na wazungu.

Tangu hapo kila kinachosifiwa hapa kimepita mkononi mwake. Katlesi za viazi alizichovya kwenye unga wa dengu badala ya yai. Urojo wake watu waliufuata kutoka mtaa wa Malindi na vikombe vyao. Mzee Sabri wa mtaa huu alipoingia mara ya kwanza aliuliza kwa sauti, "Kuku yuko wapi hapa?" Bi Thuwaiba akamjibu kutoka jikoni, "Yuko sokoni Darajani, baba! Ukimwona msalimie." Mzee Sabri akakaa, akala katlesi, na mpaka leo hajaondoka. Na vijana wanaopiga picha chakula mpaka kinapoa alichukua vitambaa vya meza akawapangusia simu zao, akasema ndizo zilizokuja kula. Mie nasema vilevile. Chai ikipoa leo, msinililie.

Kuna wapishi wa hoteli za Kiwengwa waliofundishwa na yeye, wakapata kazi nzuri, na hakuna aliyerudi kumjulia hali. Mnajijua. Kama mmekuja, kaeni nyuma.

Sasa la kusikitisha, na nitalisema, kwa sababu mwenyewe kanipa ruhusa.

Mwaka jana alianza kumwita Nassra kwa jina la marehemu mamake Nassra. Tukacheka. Chumvi ikawa inatiwa mara mbili. Tukaacha kucheka. Asubuhi moja baada ya Ramadhani nilikuwa nakuna nazi, nikasikia uma unagonga bakuli upesi upesi, sauti ambayo jiko letu halikuwa nayo. Nikageuka. Bi Thuwaiba alikuwa katoka Darajani na mayai kikapuni, kayavunja, katenga ute, anaupiga. Na alikuwa anaupiga vizuri.

"Bi Thuwaiba, unafanya nini?"

"Napika mkate. Huoni?"

"Na Faiza je?"

Akanitazama. "Faiza nani?"

Kisha ikamrudia. Niliuona uso wake inavyomrudia, na kama Mungu angeniuliza ningeomba nisiuone. Akakaa juu ya mbuzi ya nazi. Alimwaga lile bakuli, akaliosha kwa ndimu, akaliosha tena, akalikausha, akaliosha.

Daktari alitueleza kuwa maradhi haya huanza kula mambo ya karibuni. Mkate wa Faiza ni wa karibuni. Wa mamake bado anao wote.

Tukapanga niwe nakagua kikapu chake akiingia. Alinifunulia mwenyewe kila siku, hakununa. Halafu mie nikashikwa na homa, nikalala nyumbani. Mkate ukapikwa, ukakatwa, ukawekwa mezani. Faiza akatoka skuli na njaa yake, akatia kipande mdomoni. Nassra alikuwa anamwaga taka, akayaona maganda ya mayai ndani ya ndoo. Ukelele alioupiga, mie niliyelala kwangu nimesimuliwa na watu. Faiza akatema, mdomo ushaanza kuvimba. Akachomwa ile sindano ya dharura anayotembea nayo, akapelekwa hospitali, akapona. Alhamdulillahi.

Hakuna aliyemgombeza Bi Thuwaiba. Nikisikia mtu anasema aligombezwa tutakutana naye. Ni yeye aliyetukusanya kesho yake, akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Nnataka niondoke sasa ambapo nnajua kwa nini naondoka. Mkiningoja nisahau, mtanitoa kwa nguvu, na mie nitawaona nyinyi ndio wabaya."

Nassra akalia, akamwambia abaki, apewe kiti mlangoni, akune nazi tu. Akakataa. "Mikono hii siku hizi hainiulizi," akasema. "Inafanya yake."

Faiza yupo hapa leo, kavaa nguo aliyoshonewa na Bi Thuwaiba. Huenda akaulizwa jina lake mbele yenu. Atalitaja. Atakayecheka, nitamtoa nje mie mwenyewe, mzee hivi nilivyo.

Kuanzia leo Bi Thuwaiba anakwenda kukaa na mwanawe, Talib, Chukwani. Talib ni mtoto mwema, lakini nimesikia ametia kufuli mlango wa jiko lake ili mama asije kuungua. Talib, nakwambia mbele ya watu ili usiniepuke: litoe. Motoni kaeni naye, wewe na mkeo, kwa zamu. Huko kwenu hakuna mtu anayevimba kwa yai. Mnunulie mayai. Akiyavunja, muache. Miaka kumi na minne aliuweka kando mkate wa mamake kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, na hakuna aliyempa hata pole. Sasa ndio huo peke yake uliombakia. Ukimfungia jiko utakuwa umemnyang'anya na huo.

Bi Thuwaiba, shoga yangu, tunakushukuru. Nassra anakushukuru, Faiza anakushukuru, na mtaa mzima unaokula hapa bila ya kufikiri nao unakushukuru, wakijua wasijue. Mkate sasa naupika mie. Haupandi kama wako. Wanaokula wanajua, na hawathubutu kusema.

Mungu akupe afya, akupe usingizi mwema, na nyumba isiyokosa watu. Tutakuja Chukwani kukutazama. Ukituuliza sisi ni nani, tutakwambia. Ukiuliza tena, tutakwambia tena. Na ukiwa na mkate motoni usituulize kitu, tukaribishe tu, tutakaa tuungoje.

Bi Mwatum,
kwa niaba ya wote wa Mkahawa wa Tui