Kipande Alichokiacha Dada

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Februari 1962, mtoto wa pili wa mama mshona nguo, katika chumba kilichokuwa pia karakana ya cherehani. Kila siku ya mtihani tumbo lilimwendesha. Mama akamtania kwamba tumbo lake lina masikio. Yeye akauliza masikio hayo yako wapi, na swali hilo hakuliacha tena.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, sekondari ya bweni, kisha akapata stashahada ya maabara mwaka 1984. Kwa miaka thelathini na minne alichunguza vipande vya utumbo kwa hadubini. Aliwafundisha vijana kwamba ukuta wa utumbo una neva zake zinazosukuma chakula. Zikilegea, chakula hutuama na bakteria wasiotakiwa huzidi, kama utando wa kijani kwenye maji yaliyosimama. Shemeji, dereva wa lori aliyemwoa mwaka 1988, alilalamika kwamba mke wake, badala ya kumsalimu, humuuliza kama amepata choo.

Agosti 2019 utumbo wake mwenyewe ulianza kugoma. Alitaka kujua kipi kilitangulia: neva kufa, au bakteria kubadilika. Jibu lilihitaji kipande cha utumbo wake, kikatwe kabla ya saa sita kupita tangu kifo, kwa saini ya ndugu, naye akatuomba tusaini. Kaka mkubwa alikataa katakata.

"Mdogo wangu hazikwi na pengo," alisema.

Dada alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kaka alikuwa safarini, akipiga simu kila kituo: tumsubiri. Daktari wa kukikata kipande alikuwa mlangoni, akitazama saa. Ilipofika saa tano, Mama alinisogezea karatasi ya idhini mimi, kitindamimba.

"Aliyemzaa akiwa kamili ni mimi," alisema. "Saini."

Nikasaini. Kaka alifika saa tisa, akaiangalia saini yangu, akanirudishia karatasi.

Jana, akipiga pasi gauni la kumzikia Dada alilolishona Mama, Kaka aliniuliza bila kuinua uso, "Majibu yanatoka lini?"

Nikamwambia, baada ya miezi mitatu.

"Yakitoka, nisomee mimi kwanza."

Dada ameacha mama, mume, mabinti wawili, kaka, na mimi nisiyetulia mahali. Apumzike kwa amani, hapa tunapomlaza na kule maabara, ambako kazi yake haijaisha.