Sanduku Jepesi la Spase Gulevski

Nyinyi mliochangia keki tu mkaona mmemaliza, aibu yenu. Mtu ametumikia Chumba cha Lahaja miaka thelathini na minane, tarehe 30 Juni anastaafu na kukabidhi funguo, na wiki nzima mnabishania keki iwe ya jozi au ya chokoleti. Mkurugenzi Vane ameniambia niandike mimi maneno ya kumwaga, mimi mtu wa kahawa na ufagio, kwa sababu hakuna aliyekaa humu muda mrefu kuliko mimi. Shule niliacha darasa la nne. Mtanisoma hivyo hivyo.

Spase Gulevski aliingia jengo hili mwaka 1971, mwembamba kama mpini wa jembe, amebeba kinasa sauti kizito kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kupanda milima hii inayouzunguka mji wetu wa Bitola na kuwauliza wazee wanasemaje. Maswali mia sita, kijiji kwa kijiji: jiko la moto mnaliitaje, nira mnaiitaje, mke wa kaka mnamwitaje. Majibu aliyaandika kwenye kadi, kila kijiji na sanduku lake la mbao. Amejaza masanduku arobaini na moja. Hakuna mwingine humu aliyefikisha kumi, na msininunie.

Kuna kikongwe mmoja aliyekataa kuongea na mwanamume asiye na kazi mikononi. Alimtupia Spase gunia la maharage apukuchue. Alipukuchua siku mbili, kucha zikamtoka damu, ndipo bibi akafungua mdomo: "Kumbe wanakulipa uje kuuliza chungu kinaitwaje? Kwani mama yako anapikia kofia?" Spase akaiandika na hiyo.

Mwaka fulani alikuja profesa mgeni. Alikalia kiti changu, akanywa kahawa yangu, kisha akatuambia kwamba taifa letu halikuwahi kuwapo, kwamba jina letu na lugha yetu vimeshonwa juzi tu ofisini. Vijana wote walisimama wakapiga kelele. Spase hakupiga kelele. Alitoa daftari la padri wa kale, aliyeorodhesha vitu vya sanduku la bibi harusi zaidi ya miaka mia iliyopita: mkanda, soksi, aproni, mto. Akaisoma orodha polepole. Halafu akawasha kanda ya bibi wa kijiji kilekile, asiyejua hata herufi moja, akitaja vitu vya sanduku lake mwenyewe. Maneno yaleyale, na yamefuatana vilevile.

"Mimi sibishani, profesa," Spase akamwambia. "Mimi nakusanya."

Mgeni akaomba kahawa nyingine. Nilimpa, bila sukari.

Baba yangu alikufa na vyeti vitatu, kwa sababu kila utawala uliokuja ulimbadilishia jina la ukoo. Nyumbani kwetu moto tuliuita vilevile siku zote. Kwa hiyo thamani ya kazi ya Spase naijua, sihitaji digrii.

Sasa sikilizeni. Kila Ijumaa nafuta vumbi kwenye yale masanduku, na nayajua kwa uzito. Mazito kama matofali. Mwezi Machi nilinyanyua moja la rafu ya chini, nusura nilirushe darini. Tupu. Ubavuni ameandika kwa mkono wake: Gorno Susje. Ndiko alikozaliwa.

"Mdogo wangu, hili mbona jepesi?"

"Hakuna wa kumuuliza, dada Fimka."

Watu wa Gorno Susje wameishia Melbourne na makaburini. Alibaki mama yake, Stojna. Spase alimwendea kila Jumapili miaka yote hiyo, kinasa sauti kikiwa garini. Akifika tu, mama anamwuliza mlangoni, "Umekuja kula au kuniandika?" Akala. Siku zote akala, maharage ya kuoka na pilipili nyekundu, akisema moyoni Jumapili ijayo. Mama Stojna alifariki Februari. Spase anazo sauti za vijiji arobaini na kimoja, lakini ya mama yake hana hata kikohozi.

Nikamwambia, "Na wewe je? Hukuzaliwa huko, au uliletwa na ndege ukadondoshwa?"

"Mkusanyaji hajihoji mwenyewe, dada. Lazima awepo wa kuuliza. Bila hivyo si ushahidi, ni mtu anajisemea."

Na kweli anajisemea. Saa nne asubuhi, akisuuza kikombe chake, anaongea na maji kwa lugha ya kwao, anauliza, anajijibu. Huku kwetu hakuna mwingine wa kumjibu. Nyinyi mnapita mgongoni kwake na simu zenu, na tangu Februari hakuna hata mmoja aliyesimama.

Spase, ahsante. Umezihifadhi sauti za marehemu wetu mahali pakavu, na anayetaka kujua sisi ni nani atazikuta hapo. Nakuombea uzima, nyanya zako zizae vizuri, na umpate mtu wa kuongea naye.

Keki isiguswe. Ljupka, wewe unayepokea funguo zake: lete kinasa sauti, weka lile sanduku tupu mezani, keti mbele ya Spase, umwulize swali la kwanza. Wengine wote, kaeni kimya hadi amalize la mia sita.